Tiba ya mabilioni, kapsuli ya kila siku: selimundu na watoto wetu wasiopimwa

Desemba 8, 2023, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha kwa siku moja tiba mbili za jeni kwa ajili ya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, au sikoseli kama wengi wetu tunavyouita. Mojawapo, Casgevy, inatumia teknolojia ya CRISPR ya kuhariri jeni, na hakuna tiba ya teknolojia hiyo iliyowahi kuidhinishwa popote kabla yake. Uingereza ilikuwa imeipitisha wiki tatu mapema. Bei iliyotangazwa Marekani ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Ile ya pili, Lyfgenia, dola milioni 3.1. Ukizigeuza kuwa shilingi za Tanzania, hata hiyo yenye unafuu inavuka bilioni 5.

Habari hizo zilienea haraka, na zilistahili. Ugonjwa ambao kwa miongo mingi ulidharauliwa na maabara za nchi tajiri, kwa kuwa wagonjwa wake wengi ni watu weusi, ulikuwa umefika mbele ya foleni ya sayansi. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024, wagonjwa 29 kati ya 30 waliofuatiliwa vya kutosha baada ya kupata Casgevy walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kali la maumivu. Hawa ni watu waliokuwa wakilazwa mara kwa mara. Aliyewahi kumshika mkono mtu anayelia kwa maumivu ya mifupa usiku kucha anajua mwaka mzima bila shambulio ni kitu gani.

Lakini nina hoja, na sitaizungusha. Kwa mtoto wa Kilifi, Mbale, Mwanza au Kinshasa, habari kubwa zaidi ya selimundu katika kizazi hiki ilitoka miaka mitano kabla ya hiyo, Desemba 2018, na ilihusu kapsuli ya kumeza iitwayo haidroksiurea, ambayo hataza yake, yaani haki ya kampuni moja kuitengeneza peke yake, ilikwisha zamani. Utafiti huo ulifanyika katika damu ya watoto wetu, katika hospitali zetu. Tumeushangilia kwa sauti ndogo mno, na tumeutekeleza kwa mwendo usiolingana kabisa na uzito wake.

Kapsuli hiyo na ile tiba ya mabilioni zinashambulia ugonjwa kupitia mlango uleule, na hilo watu wengi hawalijui.

Chembe nyekundu za damu hubeba hewa ya oksijeni kwa kutumia himoglobini. Mwenye selimundu amerithi himoglobini yenye kasoro ndogo sana, herufi moja tu ya vinasaba iliyobadilika. Himoglobini hiyo ikishaachia oksijeni hugandamana ndani ya chembe, chembe inajikunja na kuwa ngumu, na mishipa midogo inaziba. Pale inapoziba panauma. Ikiziba kwenye ubongo ni kiharusi, nacho huwapata hata watoto wa chekechea. Bandama hufa mapema, mwili unapoteza ulinzi dhidi ya bakteria, na chembe zenyewe huishi siku chache kuliko kawaida, ndiyo maana mtoto huishiwa damu kila mara na macho kuwa ya manjano.

Mwaka 1948 daktari wa watoto wa Brooklyn, Janet Watson, aliona jambo la ajabu: watoto wachanga wenye ugonjwa huu hawaugui katika miezi yao ya kwanza. Alidhani, na alikuwa sahihi, kwamba wanalindwa na himoglobini waliyokuja nayo kutoka tumboni, ambayo ni tofauti na ya ukubwani na haigandamani. Baada ya miezi kadhaa mwili huizima na kuwasha ile ya ukubwani. Hapo ndipo vidole vinaanza kuvimba, na mama anaanza kwenda na kurudi hospitali.

Swali la kitiba tangu wakati huo limekuwa moja: tutaiwashaje tena ile himoglobini ya utotoni? Mwaka 2008 watafiti wa Boston walionyesha kwamba jeni iitwayo BCL11A ndiyo inayoizima. Casgevy inafanya kazi hapo hapo. Madaktari huchota seli shina za damu za mgonjwa, zile zinazozaa chembe zote za damu, huzipeleka maabara, mkasi wa CRISPR hukata sehemu inayoipa BCL11A nguvu ndani ya chembe nyekundu, kisha seli hurudishwa mwilini. Kabla ya kurudishwa, mgonjwa hupewa dawa kali ya kemikali iitwayo busulfani ili kuondoa uboho wa zamani. Analazwa wiki kadhaa akiwa hana kinga, anahitaji damu na chembe sahani (zile za kugandisha damu) tayari wakati wowote, na anaweza kupoteza uwezo wa kuzaa. Kuanzia kuchotwa seli hadi kurudi nyumbani ni kazi ya miezi.

Haidroksiurea nayo huinua himoglobini ya utotoni. Haiinui kwa kiwango kile, na haifuti ugonjwa. Ukiacha kuimeza, faida inaondoka. Ila inamezwa mara moja kwa siku, nyumbani, na mtoto anakwenda shule. Ilitengenezwa kwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1869, ikatumika kutibu saratani za damu katika karne ya 20. Mwaka 1995 utafiti wa Marekani ulithibitisha kwamba inapunguza mashambulio ya maumivu kwa watu wazima wenye selimundu karibu kwa nusu, na mwaka 1998 FDA ikaiidhinisha kwa ugonjwa huu.

Tangu 1998 hadi mtoto wa Afrika apate ushahidi wake mwenyewe, ilipita miaka ishirini. Sababu iliyotolewa haikuwa ya kipuuzi. Dawa hii hushusha chembe nyeupe za damu, na madaktari waliogopa kwamba katika nchi zenye malaria na maambukizi mengi ingewaua watoto badala ya kuwaokoa. Hofu hiyo ilistahili kupimwa. Ilipaswa kupimwa mwaka 1999, na ikaachwa ikae hadi ikawa desturi ya kitabibu.

Walioipima hatimaye wanastahili kutajwa zaidi ya wanavyotajwa. Kampala, katika Hospitali ya Mulago, utafiti wa NOHARM uligawa watoto zaidi ya 200 kwa bahati nasibu: nusu wapate haidroksiurea, nusu kapsuli isiyo na dawa. Matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba malaria haikuongezeka. Kisha ukaja REACH, ule wa Desemba 2018, mkubwa zaidi, uliowaanzishia dawa watoto 606 wa umri wa mwaka 1 hadi 10 katika vituo vinne: Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale.

Haya ndiyo waliyoyakuta. Kwa kila watoto 100 katika mwaka mmoja, mashambulio ya maumivu yalishuka kutoka 98 hadi 45. Kuongezewa damu kulishuka kutoka mara 43 hadi 14. Vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1. Na malaria, ile iliyoogopwa kuliko yote, ilishuka kutoka 47 hadi 23.

REACH haikuwa na kundi la kulinganisha. Watoto walilinganishwa na hali yao wenyewe kabla ya dawa, na mtoto aliye chini ya uangalizi wa utafiti huhudumiwa vizuri kuliko wengine. Kwa hiyo sehemu ya mafanikio hayo huenda imetokana na uangalizi wenyewe. Nalikubali hilo, na bado nasema: ukiuweka pamoja na NOHARM, ambao ulikuwa na ulinganisho kamili, hakuna daktari mwenye haki ya kumwambia mzazi leo kwamba dawa hii haifai kwa Afrika kwa sababu ya malaria. Hoja hiyo imekwisha.

Sasa tuangalie ukubwa wa jambo lenyewe. Mwaka 2021 walizaliwa duniani watoto takriban 515,000 wenye selimundu, zaidi ya robo tatu wakiwa Afrika kusini mwa Sahara. Tanzania peke yake hukadiriwa kuwa na takriban 11,000 kila mwaka. Pale ambapo hakuna huduma, inakadiriwa kwamba nusu yao au zaidi hufa kabla ya kutimiza miaka mitano.

Wengi hufa bila jina la ugonjwa wao kuandikwa. Uchambuzi wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2023 ulikuta kwamba vifo vilivyoorodheshwa moja kwa moja kama vya selimundu mwaka 2021 vilikuwa 34,400. Watafiti walipohesabu na vile ambavyo selimundu ilivisababisha kupitia maradhi mengine, walipata 376,000, yaani karibu mara kumi na moja. Mtoto anaandikiwa malaria, nimonia, upungufu wa damu. Anazikwa, na familia inabaki na dhana zake. Nyingi ya dhana hizo humwangukia mama: ana mkosi, amerogwa, ukoo wao una laana. Kumbe mtoto hawezi kuupata ugonjwa huu bila kurithi jeni kutoka kwa baba na kwa mama pia, na wazazi wawili wenye jeni moja moja wana uwezekano wa asilimia 25 katika kila ujauzito, hata kama watoto watatu wa kwanza ni wazima.

Wala jeni hii si aibu ya ukoo wowote. Mwaka 1949 Anthony Allison, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa makabila mbalimbali na kukuta jeni ya selimundu kwa wingi Pwani na kando ya Ziwa Viktoria, na kwa uchache sana nyanda za juu. Mwaka 1954 alionyesha sababu: mwenye jeni moja analindwa dhidi ya malaria kali. Wazee wetu wa Pwani na wa ziwani walinusurika na mbu kwa msaada wa jeni hiyo. Anayeirithi mara mbili ndiye anayelipa gharama, tena bila kupata kinga yenyewe, kwa maana malaria ni miongoni mwa vitu vinavyomuua haraka.

Pamoja na malaria kuna bakteria. Watafiti wa Kilifi walionyesha mwaka 2009 kwamba mtoto mwenye selimundu yuko katika hatari ya kupata maambukizi ya bakteria kwenye damu mara 26 kuliko asiye nao, na aliyeongoza ni nyumokoka, mdudu yuleyule wa nimonia. Dawa ya kumzuia ilijulikana tangu 1986, mwaka ambao utafiti wa Marekani ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu penisilini ya kumeza mara mbili kwa siku ilikuwa imepunguza maambukizi hayo kwa asilimia 84. Penisilini! Hakuna zahanati isiyoijua. Kinachokosekana ni kumjua mtoto anayeihitaji kabla hajaugua.

Hapo ndipo moyo wa suala ulipo, na hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema tatizo letu ni umaskini tu. Kipimo cha haraka cha selimundu kipo. Tone la damu kutoka kisiginoni, kijiti kinachofanana na kile cha malaria, na jibu linatoka ndani ya nusu saa. Mtoto huletwa kliniki kwa chanjo akiwa na wiki sita. Mama amekaa kwenye benchi, kadi iko mkononi, muuguzi yupo. Hatuhitaji kumtafuta mtoto huyu kijijini. Amekuja mwenyewe, tunamchoma chanjo, tunamrudisha nyumbani na ugonjwa ambao tungeweza kuujua siku hiyo hiyo.

Uganda wameonyesha kwamba hata kipimo cha haraka si lazima kwa kuanzia. Walikuwa na mtandao wa kukusanya matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi, kutoka nchi nzima hadi maabara kuu ya Kampala, kwa ajili ya kupima virusi vya Ukimwi kwa watoto wachanga. Wakauliza: damu hii hii si inaweza kutuambia na selimundu? Wakapima sampuli 97,631. Ripoti yao ya mwaka 2016 ilionyesha asilimia 13.3 wana jeni moja na asilimia 0.7 wana ugonjwa wenyewe, tena wakaweza kuonyesha wilaya kwa wilaya wapi mzigo ni mzito. Serikali ikijua hilo inajua pia ianzie wapi na fedha kidogo iliyonayo. Wenzetu wa Kinshasa walikuwa wametangulia: kufikia mwaka 2009 walishachapisha matokeo ya watoto wachanga 31,204, na asilimia 1.4 walikuwa na selimundu.

Najua pingamizi kubwa dhidi ya hoja yangu, na linatoka kwa watu ninaowaheshimu. Wanasema: kwa nini Mwafrika aambiwe atosheke na kapsuli wakati Mzungu anapona? Katika Ukimwi tuliambiwa vivyo hivyo kwamba dawa za kufubaza ni ghali mno na ngumu mno kwetu, tukazika watu kwa mamilioni, kisha bei ikashuka na ikaonekana kwamba kumbe tunaweza. Anayekubali daraja la pili leo, atabaki daraja la pili.

Pingamizi hilo lina ukweli na silitupi. Tiba ya kuponya inapaswa kudaiwa. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeshaanza kupandikiza uboho kwa watoto wenye selimundu, ambayo ni njia nyingine ya kuponya kabisa kwa mwenye ndugu ambaye uboho wake unalingana na wake, na hiyo ni fahari ya haki. Mwaka 2019 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani na Wakfu wa Gates zilitangaza ushirikiano wa dola milioni 200 kutafuta tiba za jeni za selimundu na Ukimwi ambazo zitatolewa bila maabara kubwa wala kuondoa uboho, kwa ajili ya nchi kama zetu. Kazi ya namna hiyo ikifanikiwa, mambo yatabadilika, na nataka vijana wetu wa Muhimbili, Makerere na Kilifi wawe ndani yake tangu mwanzo kama wabunifu, wasiwe watoa sampuli.

Lakini mfano wa Ukimwi ukiutazama vizuri unaniunga mkono. Dawa za kufubaza haziponyi. Ni kidonge cha kila siku, kinachohitaji kipimo, kliniki, daftari na mtu wa kufuatilia aliyepotea. Huo ndio mfumo tuliojenga, na ndio uliookoa watu. Hakuna aliyewaambia wagonjwa wasubiri tiba ya kuponya. Hata Uingereza, ilipokubali Januari 2025 kuitoa Casgevy kwa selimundu kupitia huduma yake ya taifa, ilikadiria wagonjwa wapatao 50 kwa mwaka. Hamsini, katika nchi yenye uwezo ule! Waliobaki wanaendelea na haidroksiurea na kuongezewa damu. Mtoto atakayezaliwa Geita mwezi huu hawezi kusubiri. Akifa akiwa na miaka mitatu, hakuna tiba ya jeni itakayomkuta.

Tena kapsuli yenyewe si rahisi kama inavyosikika. Mgonjwa lazima apimwe wingi wa damu mara kwa mara ili chembe nyeupe zisishuke kupita kiasi. Utafiti mwingine wa Kampala, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba watoto walioongezewa dozi hatua kwa hatua kwa kufuata vipimo walifanya vizuri zaidi kuliko waliobaki kwenye dozi ileile, kiasi kwamba ulisimamishwa mapema. Maana yake ni kwamba mashine ya kuhesabu damu katika hospitali ya wilaya si anasa. Na kila mfanyakazi wa maabara anajua mashine ipo mara nyingi; kinachokwisha ni vitendanishi, zile kemikali za kupimia. Dawa pia: kapsuli nyingi zimetengenezwa kwa watu wazima, na mzazi analazimika kufungua na kugawa unga, au kumpa mtoto siku moja na kuruka nyingine ili dozi ikae sawa. Mwanamke anayetaka kubeba mimba anahitaji ushauri wa daktari kwanza. Haya ni mambo ya kawaida ya kitabibu yanayotatulika, lakini yanataka mtu aliyepewa kazi hiyo na fungu lenye jina.

Fungu lenye jina ndilo ninalolidai. Chanjo zina fungu, malaria ina mpango wa taifa, Ukimwi na kifua kikuu vina mipango yao. Selimundu hutajwa Juni 19, siku yake ya kimataifa, watu wakavaa fulana nyekundu, kisha Julai mzazi anarudi dirishani kuambiwa dawa haipo, akanunue nje. Haidroksiurea iko katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu. Kuwa kwenye orodha hakuifikishi Sengerema. Inayoifikisha ni oda ya bohari ya dawa iliyofanywa kwa hesabu ya watoto waliopimwa, na hesabu hiyo haitapatikana hadi tupime.

Wabunge wa mikoa ya Kanda ya Ziwa na Pwani, pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanzania, wangeweza kuianza kazi hii katika bajeti moja tu: kipimo kwenye kliniki ya chanjo, penisilini kwa kila atakayekutwa, haidroksiurea na vitendanishi katika hospitali ya wilaya. Waanze na wilaya zenye mzigo mkubwa, kama ramani ya Uganda ilivyowezesha kwao. Waulizwe pia kuhusu wakubwa. Wale 606 wa REACH walianza kusajiliwa mwaka 2014. Aliyekuwa na miaka 10 wakati ule sasa ni mtu mzima, amehama wodi ya watoto, anatafuta kazi au anafikiria ndoa. Katika sehemu nyingi hakuna kliniki ya selimundu ya watu wazima inayomsubiri, kwa sababu mipango ilipoandikwa hakuna aliyetarajia kwamba angefika umri huo.